Gundi ya vyuma vya meno na BPA

Dada, umeuliza kama gundi inayobandika vyuma vya meno vya binti yako inatoa BPA (kemikali ya kutengenezea plastiki, inayohofiwa kuvuruga homoni) mdomoni. Inatoa kidogo sana, na zaidi siku ile ya kwanza. Gundi nyingi za kazi hii zina Bis-GMA, resini (plastiki laini inayogandishwa) ambayo kiwandani hutengenezwa kwa kutumia BPA, kwa hiyo chembe za BPA huweza kubaki ndani. Resini nyingine, Bis-DMA, ndiyo ya kuulizia kwa daktari kama imo: hiyo mate yenyewe huivunja ikatoa BPA.

Ila mkono wa daktari una uzito kuliko jina la gundi. Resini hugandishwa kwa taa ya bluu, na tabaka la juu linaloguswa na hewa haligandi sawasawa kwa sababu oksijeni huzuia. Taa ikishikwa mbali au ikizimwa mapema, mabaki ya resini isiyoganda yanaongezeka. Basi gundi iliyozidi ifutwe kabla ya taa, kisha binti asukutue maji na kutema, asimeze. Siku ya kuvua vyuma pia, gundi ikisagwa, maji na bomba la kufyonza viwepo. Vumbi lile si la kuvuta.

Kelele za mtandaoni kuhusu BPA zina chanzo: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha BPA kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili kwa siku. Hata hivyo, mimi nisingeahirisha matibabu kwa hilo.