Programu ya kupanga uzalishaji wa dagaa: anza na mbalamwezi

Ndugu yangu wa Nyakato, umeuliza ununue programu gani ya kupanga ratiba ya kiwanda chako cha kukaanga na kufungasha dagaa. Kabla ya jina, angalia kwanza mzigo wako unavyoingia. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha dagaa, unapoa na malighafi inakatika. Programu inayodhani mzigo ni uleule kila siku itakupotosha tangu wiki ya kwanza. Tafuta inayokuruhusu kuweka siku za mzigo, kisha igawe oda kulingana na uwezo halisi wa vikaango na mashine ya kufungashia.

Usiridhike na mfano wa muuzaji. Mpe oda zako za mwezi uliopita azipange mbele yako, halafu mwambie umeme umekatika kwa saa nne, uone ratiba inavyojisogeza. Mimi ningelipia hicho. Michoro ya rangi, hapana.

Kama mashine ni mbili tu, kaa na Excel miezi mitatu kwanza, ukiandika muda wa kila hatua. Hatua za kuosha na kupoza usiziache, wengi huzisahau.