Cilla Black Aliuiba Wimbo wa Dionne Warwick?

SWALI: Mhariri, katika Soko la Kenyatta nilinunua santuri ndogo ya mwimbaji wa Uingereza, Cilla Black, yenye wimbo "Anyone Who Had a Heart". Baba aliposikia nikiipiga alikasirika, akasema wimbo huo ni wa Mmarekani Dionne Warwick na kwamba Cilla aliuiba. Je, ni kweli?
Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU: Mzee hajakosea kuhusu aliyetangulia, ila neno "kuiba" ni zito mno. Isogeze santuri hiyo karibu na taa, na chini ya jina la wimbo utasoma, kwa herufi ndogo, majina ya Bacharach na David. Burt Bacharach ndiye aliyetunga muziki na Hal David maneno, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, wimbo ukishatolewa kwenye santuri, mwimbaji mwingine aliweza kuurekodi mradi watungaji walipwe ada iliyowekwa kwa kila nakala. Kwa hiyo mtungaji na mchapishaji wake hawakuwa na sababu ya kulalamika: kadiri waimbaji walivyokuwa wengi, ndivyo mapato yalivyoongezeka.

Warwick aliutoa Marekani mwishoni mwa 1963. Brian Epstein, meneja wa Beatles na wa Cilla pia, aliusikia akiwa huko, akampelekea mtayarishaji George Martin, ambaye kwanza alimfikiria Shirley Bassey, mwimbaji wa Uingereza mwenye sauti kubwa ya kishindo. (Hebu fikiria sauti ile!) Epstein alishikilia kwamba uwe wa Cilla, na kufikia mwisho wa Februari 1964 ulikuwa nambari 1 Uingereza, huku santuri ya Warwick ikikomea nambari 42 huko huko, ingawa kwao Marekani ilifika nambari 8.

Kilio cha Warwick kwamba Cilla alimwiga, alichokirudia hadharani kwa miaka mingi, nakielewa. Yeye hakuwa mtungaji, na sheria haikulinda namna yake ya kuimba, kwa hiyo katika mauzo ya Cilla hakuwa na fungu lolote.

Ukiipata santuri ya Warwick, zipigeni zote mbili mfululizo, wewe na mzee. Mapigo ya wimbo huo hubadilika katikati ya sentensi, na hapo ndipo mtakapowatofautisha: Warwick hupita kana kwamba hakuna kitu, ilhali Cilla hupaza sauti na kuuvamia.