Maswali na Majibu: Toroli la Kubebea na Kukatia Plaiwudi

Mafundi, nafanya kazi peke yangu. Kila shiti ya mm 18 nainyanyua juu ya meza, na mgongo umeanza kugoma. Toroli la kulaza shiti linatengenezwaje? (Morogoro)

Shiti ya futi 8 kwa 4 (sm 244 × 122) ya unene huo ina kilo 30 hadi 38 kutegemea mti wake, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) inaweza kufika 40. Huna sababu ya kuinyanyua yote. Inayotakiwa ni meza inayopinduka: inasimama ukiipakia na inalala ukikata, nawe unainua kona moja tu ya shiti kufika kwenye mdomo, yaani ukingo wa meza unaotokeza kushikilia shiti kwa chini, ulio kama sm 25 kutoka sakafuni.

Nunua mbao 3 za inchi 2×4 na 4 za inchi 2×2, zote futi 12 na ziwe kavu. Nusu shiti ya plaiwudi ya mm 18. Na bomba la chuma la robo tatu inchi, urefu sm 155, ndilo mhimili ambao meza inapindukia. Kitako ni 2×4 zilizolazwa: mbili za sm 150 na tatu za sm 70. Kwenye kila ncha simamisha paneli ya plaiwudi iliyounganishwa tabaka mbili kwa gundi na skrubu, kimo sm 68. Toboa tundu la bomba ili likae sm 82 kutoka sakafuni, magurudumu yakiwa yameshafungwa. Ukitumia magurudumu ya inchi 4, meza ikilala itakuwa na kimo cha sm 91 hivi.

Umbo la paneli ndilo linalowasumbua wengi. Kwa juu isizidi sm 3 mbele ya bomba (upande wa mdomo), na kwa chini sm 18. Nyuma ya bomba iwe sm 20 juu na 30 chini. Ukiiacha pana mbele, meza itaigonga kabla haijasimama. Kata kielelezo cha kadibodi kwanza ujaribu. Kisha funga 2×4 kati ya paneli mbili, upande wa nyuma, kwa sababu bila hiyo toroli linayumba kwa urefu wake.

Meza yenyewe ni mbavu tatu za 2×4 za sm 115, zimesimama kwa ubavu na bomba linapita katikati ya kimo chake. Mbili za pembeni zipakane na paneli kwa ndani. Juu yake panga 2×2 sita za sm 180. Mdomo uwe sm 61 kutoka kwenye bomba, yaani nusu ya upana wa shiti, ndipo uzito ugawanyike sawa pande zote na meza ipinduke kwa mkono mmoja. Mwisho, weka vizuizi kwenye kitako, nyuma ya mbavu, ili meza ikisimama ibaki imelala nyuma kwa nyuzi 15. Ikisimama wima kabisa, shiti itakuangukia.

Magurudumu gani? Yangu yameng'oka wiki ya kwanza. (Nakuru)

Bila shaka uliyafunga kwa skrubu za mbao. Kila mshtuko unazivuta pembeni, na paini haizishiki kwa muda mrefu. Tumia bolti za mm 8 zinazopita mbao nzima, washa pana kwa juu na nati za kujifunga. Kuhusu uwezo, gawa uzito wote kwa 3, si kwa 4, kwa sababu kwenye sakafu isiyo sawa gurudumu moja huwa hewani. Toroli kilo 60 na shiti mbili kilo 70 ni 130; gawa kwa 3 upate 43. Chukua ya kilo 70 kila moja, ya mpira, yote yazunguke, mawili yawe na breki.

Nikichomoa pini inayozuia meza isipinduke, meza inashuka kwa kishindo. Bomba limepinda? (Tanga)

Bomba halina kosa. Ukishakata, kipande kilichobaki kinaegemea mdomoni, hivyo upande huo umezidi uzito. Kisogeze katikati au ukishushe kwanza, na daima shika ukingo wa meza kabla ya kuchomoa. Angalia pia tundu la pini: liwe sm 15 nyuma ya bomba, likipita paneli na ubavu kwa pamoja, pini ya mm 12. Pini iliyo karibu na bomba hulegeza tundu upesi, na meza hucheza chini ya msumeno.

Msumeno wa duara unabanwa katikati ya shiti, na ukingo unameguka. (Mombasa)

Ni makosa mawili tofauti. Unabanwa kwa sababu vipande vyote viwili havijaegemezwa: shiti inazama kwenye mstari wa kukata, pengo linafumba, na msumeno unaweza kukurukia. Hakikisha kila upande wa mstari una angalau 2×2 mbili chini yake. Ukipasua kwa urefu wa shiti, shikilia ncha zinazotokeza nje ya meza kwa stendi, kwani sm 32 kila upande hazina kitu chini.

Kumeguka kunatokea juu, kwa sababu meno ya msumeno huu yanatoka juu. Weka uso mzuri chini, tumia bleti ya meno 40, na shusha kina hadi unene wa shiti pamoja na mm 3 hadi 5. Zile 2×2 zitachanika taratibu. Ndiyo kazi yake. Zifunge kwa skrubu kutoka chini, ncha zikomee nusu ya unene, bleti isije ikakutana na chuma. Na usisahau kwamba bleti inakula mm 2 hadi 3: shiti ya sm 122 haitoi vipande viwili vya sm 61.

Naweza kutumia chuma badala ya mbao? (Kigoma)

Kitako na paneli, ndiyo. Sehemu ya juu ibaki mbao.

Mdomo unagonga msumeno nikikata shiti ya mm 9. (Arusha)

Utengeneze wa kusogezwa, kwa bolti za mm 8 na nati za masikio, ukiwa na matundu ya hatua tatu: utokeze mm 50 ukibeba shiti mbili, mm 15 ukikata ya mm 18, na mm 6 kwa nyembamba.