GCC au Clang? Kwa ndugu wa Mbale anayetaka kuhamisha vifurushi vyote

Ndugu, umeuliza kama uiondoe GCC kwenye mashine zenu za Debian (Linux) na kujenga kila kitu upya kwa Clang, kompaila nyingine, yaani programu inayogeuza chanzo kuwa programu ya kuendeshwa, kwa kuwa umesikia ina mbio zaidi. Mimi hujenga vifurushi vya ofisi ya ramani hapa Kampala: GDAL na QGIS, ambazo ni programu za ramani, na maktaba zinazoandamana nazo. Usiiondoe. Sakinisha Clang pembeni, halafu amua kifurushi kwa kifurushi.

Debian hujenga karibu kila kitu kwa GCC, na maktaba unazovuta kwa apt, kisakinishi chake, zinatoka huko. Kwa lugha ya C tupu, changanya upendavyo. Balaa iko kwenye C++. Clang ya Linux kwa kawaida hutumia libstdc++ ile ile ya GCC, yaani maktaba ya msingi ya C++, kwa hiyo mambo huenda. Sasa mtu akisikia mahali kwamba aongeze flagi (chaguo la kompaila) -stdlib=libc++, inayoleta maktaba nyingine, linka, programu inayounganisha vipande, inaanza kumtapikia mistari ya "undefined reference". Itazame vizuri mistari hiyo: jina moja lina std::__cxx11, jingine lina std::__1. Hizo ni string (aina ya data ya maandishi) za maktaba mbili zisizojuana. Usimsumbue mwenye programu kwa ripoti ya kosa, rudi kwenye flagi zako.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi halipigi kelele hata kidogo. Tangu Clang 16 ya 2023 na GCC 14 ya 2024, kuita funksheni ambayo haijatangazwa kwenye C ni kosa, si onyo tena. Kosa likitokea kwenye chanzo chenyewe ni nafuu, ujenzi unasimama na unaliona. Tatizo ni skripti ya configure, inayokagua mashine yako kabla ya ujenzi. Yenyewe huandika vijiprogramu vya majaribio, na kimoja kikikataa kukompaili, huhesabu kwamba mashine yako haina kitu hicho. Vingi vya zamani huita exit() bila kuweka stdlib.h, faili inayoitangaza. Basi configure inaandika "no", inasonga mbele, na kifurushi kinafika mwisho salama salmini kikiwa kimepungukiwa. Kwa vifurushi vya kale mimi hufungua config.log, kumbukumbu ya majaribio hayo, nikatafuta "implicit-function-declaration", kisha nikajenga kwa kompaila mpya na kwa GCC ya kabla ya 14, na kulinganisha config.h, faili ya matokeo, kwa amri ya diff. Mstari wa HAVE uliopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, hapo ndipo pa kuchimba.

Pia sikiliza mwenye programu anatumia nini. Chromium hujengwa kwa Clang, kernel (viini vya mfumo) za Android vivyo hivyo, na mfumo wa FreeBSD uliifanya Clang kuwa kompaila yake ya kawaida kwenye toleo la 10, mwaka 2014. Huko kung'ang'ania GCC ni kujitafutia kazi. Kinyume chake, programu ya C iliyoweka funksheni ndani ya funksheni, mtindo wa GCC, Clang haiikubali kabisa. Fedora, Linux nyingine iliyoshikilia GCC kwa miaka, siku hizi humwachia mtunza kifurushi achague akiwa na sababu ya kiufundi. Nauona utaratibu wa busara, ingawa "nimesikia ina mbio" isingepita.

Tukija kwenye hizo mbio: kwenye mashine za RAM ya GB 4 tulizo nazo wengi wetu, kinachoua si kompaila. Ni make -j8, yaani kuendesha kazi nane za ujenzi kwa pamoja, na linka kumeza RAM yote hadi mashine inaanza kuswapu, yaani kutumia diski badala ya RAM. Punguza iwe -j2, weka ccache, inayohifadhi kilichokwisha kukompailiwa, na ujaribu linka ya lld kwa -fuse-ld=lld, ambayo hata GCC inaikubali. Umeme ukikatika katikati, usikimbilie make clean, inayofuta vyote vilivyojengwa. Angalia kama kuna faili ya .o (kipande kilichokompailiwa) yenye baiti sifuri, ifute hiyo tu, kisha endelea.

Ukiamua kujaribu Clang, weka CC=clang (kwa C) na CXX=clang++ (kwa C++) kwa pamoja; wengi huweka ya kwanza tu wakapata mchanganyiko wasioutaka. Kwa CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi, fungua saraka mpya ya ujenzi, maana CMakeCache.txt imeshakariri kompaila ya awali na kubadilisha CC baadaye ni kupoteza muda. Na kama umewasha -flto, inayoboresha programu nzima wakati wa kuunganisha, maktaba za .a zilizojengwa kwa kompaila moja huenda zisisomeke na nyingine, maana kila kompaila huhifadhi msimbo wake wa kati kwa namna yake.

Kama kuna kifurushi kimoja hasa kinachokusumbua, kitaje pamoja na toleo lake, uweke na mistari ya config.log iliyo karibu na kosa. Tutakiangalia.