Feni inavuma hakuna anayetumia mashine, nikifungua Task Manager kimya!

SWALI: Habari za kazi. Kompyuta yetu ya nyumbani ni Windows 11, siku hizi feni inavuma hata kama hakuna aliyeigusa na ukiweka mkono kwa chini inachoma kabisa. Kinachonichanganya ni kwamba nikifungua Task Manager nione nini kinakula prosesa, sekunde chache tu kila kitu kinatulia. Nimeona svchost.exe zimejaa kibao, nikazima moja intaneti ikakatika. Nimeweka antivairasi mbili, zote zinasema mashine iko safi. Mdogo wangu alishusha gemu lililokrakiwa na naona ndo mambo yalipoanzia. Nifanyeje?

JIBU: Asante ndugu, umeeleza vizuri, maana wengi wanaandika tu "kompyuta nzito" basi. Kwanza hizo svchost ziache. Ni za Windows yenyewe, zinabeba huduma za ndani kama intaneti na sauti, na tangu toleo la Windows 10 la 2017 mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 inaipa karibu kila huduma svchost yake, kwa hiyo kuona makumi ni kawaida kabisa. Cha kuangalia ni inakaa wapi: bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua Open file location, ikikupeleka C:\Windows\System32 sawa, ila ikikupeleka kwenye foda za AppData au ProgramData, au jina limeandikwa scvhost, hapo una mgeni.

Sasa hili la kutulia ndo lenye utamu, na watu wengi wanakosea hapa. Windows ina kazi zake inazofanya ukiwa haupo, kupanga mafaili, kuskani, kushusha apdeti, na ukirudi tu ukagusa mausi inaziacha. Kuna na programu za kuchimba sarafu za kidijitali, mara nyingi Monero kwa sababu inachimbika kwa prosesa ya kawaida, nyingine zimeandikwa zijifiche pale zinapoona Task Manager imefunguliwa. Kwa hiyo zitenganishe: feni ikivuma, sogeza mausi tu, usifungue kitu, subiri kama dakika mbili. Ikitulia, kuna uwezekano mkubwa ni Windows na kazi zake. Ikiendelea kuvuma halafu ikanyamaza pale tu unapofungua Task Manager, mimi ningeanza kuamini kuna mchimbaji humo. Njia nyingine shusha Process Explorer ya Microsoft, inaonyesha kinachokula prosesa kama Task Manager na ni bure, badilisha jina la faili lake liwe lolote kabla hujaifungua kwa sababu hawa jamaa huwa wanatafuta kwa jina, afu iache wazi uondoke, ukirudi utaona nini kinakula prosesa.

Kuhusu antivairasi mbili, hapana, toa zote. Zinagombania mafaili yaleyale na zenyewe tu zinaweza kuivumisha feni. Ukizitoa, Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inajiwasha, ila kabla hujaskani ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka chini kabisa kwenye Exclusions. Tafadhali usiparuke hapa! Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse, na programu chafu nyingi zikishapewa ruhusa ya adimini kitu cha kwanza zinajiandika humo. Ukikuta C:\ nzima imeandikwa au .exe na wewe hukuweka, umeshajua kwa nini Defender itakuambia safi hata ikiskani mara kumi. Futa, afu chagua Microsoft Defender Offline scan, mashine itajizima na kuwaka na kuskani kabla Windows haijapanda, kama dakika 15 hivi.

Hiyo programu chafu ikirudi tena baada ya kufutwa, basi kuna kitu kinaiamsha. Shusha Autoruns, nayo ya Microsoft, inaorodhesha vyote vinavyojiwasha vyenyewe, ficha vya Microsoft wenyewe, angalia hasa Scheduled Tasks, yaani kazi zilizopangiwa kujiwasha, na chochote usichokijua toa tiki kwanza, usifute.

Halafu pasiwedi, na hili linanihuzunisha kila nikisoma barua kama yako kwa sababu watu wanahangaika na feni wakati akaunti zinaondoka. Magemu ya kukrak mara nyingi yanakuja na mwizi wa pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na kuki, yaani vijifaili vya brauza vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwenye kuki yako anaweza kuingia bila kuulizwa pasiwedi. Chukua simu, siyo hiyo kompyuta, anza na imeili, badilisha pasiwedi kisha chagua kujitoa (sign out) kwenye vifaa vyote.

SWALI: Na mimi yamenikuta, nimefuta kila kitu lakini Exclusions zinajiandika tena. Nipige Windows upya?

JIBU: Piga, usipoteze muda zaidi. Kama kitu kina nguvu ya kuandika humo tena, huwezi kujua kimeshika na wapi kwingine. Flashi ya Windows itengenezee kwenye mashine nyingine iliyo safi, wakati wa kuinstoli futa patishani zote za diski ya Windows, na kabla ya hapo hamisha picha na dokumenti zako tu. Mafaili ya .exe yote yaache yapotee, pamoja na instola ya hicho kilichokuletea balaa, na programu zako zishushe upya kutoka kwa wenyewe.