Maswali Yenu: Uhandisi wa umeme, Tudor au Juja?

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu amepata A- katika KCSE: hisabati A, fizikia A-, kemia A-. Ataka kusomea uhandisi wa umeme na elektroniki, na mwenyewe asema kinachomvutia ni umeme mkubwa, yaani mitambo ya kuzalisha na laini za kusafirisha. Tumebaki na vyuo viwili, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) hapa Tudor na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja. Mjomba wake ashikilia JKUAT kwa sababu alama zake za kuingilia ziko juu. Mimi naangalia mfuko. Tuweke kipi mbele kwenye fomu ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo?
Mzazi, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Hongera kwako na kwa binti.

Tuanze na hoja ya mjomba. Alama ya kuingilia ni pointi za klasta, yaani zinazokokotolewa kutoka masomo yanayohusiana na kozi, kati ya 48, za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi ile mwaka uliopita. Waombaji wakiwa wengi na nafasi chache, inapanda. Kwa hivyo yaonyesha kozi inavyogombaniwa, na haisemi lolote kuhusu kinachofundishwa ndani.

La kuangalia kwanza ni kibali. Fungua tovuti ya Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK), utafute orodha ya digrii zinazotambuliwa. Bodi hukagua kozi moja moja, haitambui chuo kizima kwa jumla. Chuo chaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi unaotambuliwa huku kozi ya jirani yake ikingali kwenye foleni. Linganisha jina la digrii neno kwa neno na lile lililo kwenye KUCCPS, kisha tazama kibali ni cha kipindi gani. Masomo ni ya miaka 5. Kibali kikikaribia kwisha, muulize mkuu wa idara ombi la kukihuisha limefika wapi. Msilichukulie jambo hili kwa wepesi. Digrii isipotambuliwa, binti hatasajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, na njia ya kufika daraja la mhandisi mtaalamu, linalohitaji angalau miaka 3 ya kazi baada ya kuhitimu, itakuwa imefungwa.

Kozi zote mbili zikipita hapo, nendeni mkaone maabara. Tudor ni karibu nanyi, na Juja inafaa safari moja. Nendeni wakati wa masomo, siku ya kazi. Ombeni kuona maabara ya mashini za umeme, na swali liwe hili: wanafunzi wangapi hufanya jaribio la transfoma kwenye meza moja? Jaribio hilo lina kazi za mikono ya watu wanne. Mmoja huzungusha variaki, yaani transfoma ya kurekebisha volti, kupandisha volti polepole, wa pili husoma amita na watimita (vipimo vya ampea na wati), wa tatu huandika, wa nne huchunga nyaya na swichi. Kwenye kundi la watu wanne, kila mmoja hupata zamu yake kabla ya muda wa saa tatu wa maabara kwisha. Kwenye kundi la kumi na tano, kumi na mmoja huangalia migongo ya wenzao, halafu hunakili namba ili waandike ripoti.

Kisha binti aombe multimita moja, kifaa cha kupima volti na ampea, na aulize kama inapima ampea. Wanafunzi wanaoanza hukosea mara kwa mara: wanaiacha multimita kwenye mpango wa ampea, wanaiunganisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za umeme, na fyuzi ya ndani inaungua. Volti itaendelea kusomeka kama kawaida, ampea haitasomeka. Fyuzi yenyewe ni kitu kidogo. Maabara ikiwa na multimita nyingi za namna hiyo, basi hakuna anayenunua fyuzi, na huenda vifaa vikubwa navyo vimeachwa vivyo hivyo. Fundi wa maabara atawaambia mengi kuliko kijitabu cha chuo.

Kwa umeme mkubwa, Mombasa ina uzito wake. Mitambo ya kuzalisha umeme ya Kipevu iko hapa na ya Rabai iko jirani, winchi za bandarini ni za umeme, na Kenya Power ina kazi nyingi Pwani. Mwanafunzi wa Tudor aweza kupeleka barua ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa mkono na kurudi kuulizia. Aanze miezi mitatu kabla, akiwa na barua ya chuo, bima na nakala ya matokeo. Wanaongoja mwezi wa mwisho hukuta nafasi zimejaa, wakaishia kwenye ofisi wanakofanyishwa kazi ya kutoa fotokopi. Binti akienda Juja bado aweza kuja Pwani kwa atachimenti, ila ulizeni kama mwalimu wake hufika huku kumkagua.

Kuhusu mfuko, usilinganishe karo pekee. Juja ina kodi ya chumba, chakula, na nauli ya treni kutoka Miritini hadi Syokimau, kisha magari ya kuunganisha mpaka Barabara ya Thika. Piga hesabu ya kodi ya miezi tisa, uiweke kando ya bei ya kompyuta ya mkononi. Mwanafunzi wa uhandisi aihitaji mapema kwa michoro na hesabu.

Kukaa nyumbani nako kuna gharama yake. Binti aliye nyumbani huitwa kwa kila arusi, kila matanga, kila mgeni. Mkichagua Tudor, mkubaliane mapema kwamba jioni za maabara na mwaka wa mwisho wa mradi hazina shughuli nyingine.

Sisi tungeweka TUM mbele na JKUAT ya pili, mradi kibali kipo na maabara imewaridhisha. Angekuwa apenda mawasiliano ya simu, tungesema Juja, kwa kuwa JKUAT ina digrii inayojitegemea ya uhandisi wa mawasiliano na habari. Kumbukeni pia kwamba mfumo wa KUCCPS huanza na chaguo la kwanza, na akishapangwa hapo yaliyo chini hayatazamwi.

SWALI: Nimeitwa kusomea Shahada ya Teknolojia katika uhandisi. Rafiki asema nikimaliza sitakuwa mhandisi. Ni kweli?
Kijana, Changamwe

JIBU: Ni kweli, ndugu, kwa maana ya usajili. EBK husajili wenye digrii ya uhandisi inayotambuliwa. Wewe utasajiliwa kama mteknolojia na KETRB, bodi ya kusajili wanateknolojia wa uhandisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ni kazi ya heshima, yenye mikono zaidi kwenye mitambo, na viwanda vyaihitaji. Kama lengo lako ni kuitwa mhandisi kisheria, omba kuhamishwa pindi KUCCPS ifunguapo dirisha la uhamisho. Utahitaji kufikisha alama za kuingilia za kozi unayoitaka kwa mwaka wako, na angalau C+ katika hisabati, fizikia na kemia. Usikae mwaka mzima ukitumai kuhamia ndani kwa ndani baadaye.