Bi Fundi, Kuna Mgeni Kwenye Mtandao Wetu

Barua nilizozichagua mara hii ni nne, na zote zinahusu programu za kupanga na kusimamia mtandao wa nyumbani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ana hofu, na hofu yake naifahamu.

*Shikamoo Bi Fundi. Nimeweka kwenye simu programu inayoonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa na Wi-Fi yetu. Nyumbani tuko watu watano, lakini imeniorodheshea vifaa 17. Kimoja hakina jina wala kampuni, kimeandikwa tu "kifaa kisichojulikana". Nikakizuia. Kesho yake kikarudi na anwani nyingine. Nimebadilisha nenosiri mara mbili na bado kinarudi. Je, kuna mtu anatuibia? Usiku silali. – Mama wa watatu*

Marahaba mwanangu. Umeandika sentensi moja ambayo karibu ni jibu lenyewe: umebadilisha nenosiri mara mbili, na kifaa bado kinarudi. Mtu wa nje aliyekuwa na nenosiri la zamani angebaki nje. Anayeingia na nenosiri jipya ni aliyepewa nenosiri jipya, na hao ni watu wa nyumba yako. Kuna njia moja tu inayonitia shaka, nitaifikia.

Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na nambari yake, inayoitwa anwani ya MAC. Ni tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili. Jozi tatu za mwanzo hupewa kampuni iliyotengeneza kifaa, na hapo ndipo programu yako inapojulia kwamba hii ni printa ya kampuni fulani na ile ni runinga. Zamani hiyo ilitosha. Shida ni kwamba maduka na viwanja vya ndege viliweza kumfuata mtu mahali hadi mahali kwa anwani hiyo hiyo ya MAC ya simu yake. Kwa hiyo, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14, mfumo wa iPhone, ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya kubuni kwa kila mtandao inaojiunga nao. Ni jambo jema kwa mtu anayetembea. Ila kwa anayesimamia mtandao wa nyumbani, simu ya mwanawe inaonekana kama kifaa kisicho na kabila, na ikifutiwa mtandao kisha ikaunganishwa tena huenda ikaja na anwani nyingine kabisa.

Fungua programu yako, bonyeza kile kifaa, usome anwani yake. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na kifaa chenyewe, haikutoka kiwandani. Nina hakika ndicho utakachokikuta.

Nasema hivi kwa sababu lilinipata. Mama yangu alipokuja kukaa kwangu, niliona kifaa nisichokijua nikakizuia papo hapo, bila kuuliza mtu. Kilikuwa simu yake. Kwa siku tatu alikaa bila kuwasiliana na ndugu zake, na hakusema neno kwa sababu alidhani ameiharibu simu mwenyewe. Nilipogundua niliumia sana. Toka siku ile sizuii kifaa mpaka niwe nimezunguka nyumba nzima.

Wewe pia zunguka. Chagua jioni ambayo wote mpo. Chukua daftari. Mwambie mmoja azime Wi-Fi kwenye simu yake, subiri dakika moja au mbili, agiza programu ichunguze upya, uone nani ametoweka. Mpe jina hapo hapo kwenye programu: "simu ya baba", "simu ya kifungua mimba". Halafu anayefuata. Usisahau runinga, printa, spika, saa za mkononi, mashine ya michezo ya watoto, kamera, hata balbu zinazowashwa kwa simu. Ukihesabu hivyo, vifaa 17 kwa watu watano si ajabu. Kisha kwenye kila simu ingia katika mipangilio ya Wi-Fi ya nyumbani, na kwa mtandao huo mmoja tu uzime anwani ya faragha, yaani ile ya kubuni, au uchague isibadilike. Kwingineko iache iendelee kumlinda mwenye simu.

Ikiwa umemaliza na kimoja bado hakina mwenyewe, sasa ingia ndani ya ruta. Hapa ndipo ile shaka yangu ilipo: WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilionekana kwamba ruta huikagua namba hiyo nusu kwa nusu, hivyo anayebahatisha hahitaji majaribio milioni 100, anahitaji kama 11,000 tu. Akiipata, ruta yenyewe humpa nenosiri la Wi-Fi, hata ukiwa umelibadilisha jana. Zima WPS. Hakikisha aina ya ulinzi wa Wi-Fi iliyochaguliwa kwenye ruta ni WPA2 au WPA3. Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta, ambalo si lile la Wi-Fi na ambalo wengi hawajawahi kuligusa. Mwisho kabisa ndipo ubadilishe nenosiri la Wi-Fi. Ukianza na la mwisho unafunga dirisha na mlango uko wazi.

*Salaam Bi Fundi. Mimi ni mstaafu. Enzi zile nilikuwa na programu ya Network Magic, ikinichorea ramani ya kompyuta zangu zote na kunisaidia kushea printa na mafolda bila kuita fundi. Baadaye nikatumia HomeGroup ya Windows, nayo ikatoweka baada ya kompyuta kujisasisha. Sasa kompyuta mbili ziko meza moja na hazionani. Kijana mmoja ameniambia niwashe kitu kinachoitwa SMB1. Je, nifanye hivyo? – Msomaji wa siku nyingi*

Shikamoo mzee wangu. Nami niliipenda Network Magic, na sijaona nyingine iliyomheshimu mtu wa kawaida namna ile. Ilitengenezwa na Pure Networks, kampuni ya Seattle ambayo Cisco iliinunua mwaka 2008, na baada ya muda programu ikaachwa. HomeGroup ilikuja na Windows 7 mwaka 2009 na kuondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Hukukosea popote. Zana zote mbili uliondolewa mkononi.

Huyo kijana usimsikilize, ingawa najua alikusudia wema. SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows huitumia kupeana mafaili, na SMB1 ni lahaja yake ya kale. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta duniani kote kwa kupitia tundu la SMB1, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Mwaka huo huo Microsoft ikaacha kuiweka SMB1 kwenye Windows mpya, na ile orodha ya zamani ya kompyuta za jirani ilikuwa inaitegemea. Ndiyo maana kijana wako akiiwasha, kompyuta zitaonana. Lakini utakuwa umerudisha kilichoondolewa kwa sababu nzuri.

Fanya hivi badala yake. Kwenye kompyuta zote mbili, fungua mipangilio ya mtandao, utazame mtandao wako umeandikwa wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, Windows huificha kompyuta kana kwamba uko hotelini. Uweke wa binafsi, kisha uruhusu kompyuta kugunduliwa na kushea mafaili. Halafu fungua orodha ya huduma za Windows, utafute inayoitwa Function Discovery Resource Publication, na uiamuru ianze yenyewe kila kompyuta inapowaka. Hiyo ndiyo inayopiga mbiu kwamba "mimi nipo hapa".

Na hata zisipoonana, zinaweza kuzungumza. Andika kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la mafolda mikwaju miwili ya kinyume na jina la kompyuta nyingine, mfano \\sebuleni, ubonyeze kitufe cha Enter. Likifunguka, liburute likae pembeni kama njia ya mkato. Mimi nyumbani natumia njia hii peke yake. Jina la kompyuta libadilishe liwe la chumba au la mwenye kompyuta, maana yale majina ya herufi na tarakimu yanayokuja nayo hakuna anayeweza kuyakumbuka.

Kuhusu ramani, programu ya Fing kwenye simu itakupa orodha nzuri ya vifaa. Kama huogopi kuandika amri, ipo Nmap, ambayo imekuwapo tangu 1997 na haina malipo. Kwenye nyumba ambayo anwani zake za IP, yaani nambari ambazo ruta huvigawia vifaa, huanza na 192.168.1, amri *nmap -sn 192.168.1.0/24* inabisha hodi kwenye anwani zote za mtandao huo na kukuletea zilizoitika. Mchoro wenyewe mzee wangu uchore kwa kalamu: ruta katikati, mstari mzima kwa kebo, mstari wa nukta kwa Wi-Fi. Ubandike ndani ya mlango wa kabati. Mimi nimevuta kebo kwenye maofisi kwa miaka mingi, na pale nilipokuta mchoro wa mkono, hata wa zamani, kazi ya siku nzima iliisha kabla ya saa sita mchana.

*Dada Fundi, nimeongeza ruta ya pili chumbani kwa sababu Wi-Fi haikufika. Intaneti sasa iko poa kila mahali, ila nikiwa chumbani siioni printa iliyoko sebuleni. Nimefuta na kuweka upya programu ya printa mara nne. – Kijana wa mwaka wa pili chuoni*

Mdogo wangu, iache printa, haina kosa. Soma anwani ya IP ya simu yako ukiwa sebuleni, kisha ukiwa chumbani. Nadhani utaona moja inaanza na 192.168.1 na nyingine na 192.168.0, au 10 kitu. Umejenga nyumba mbili zenye kuta. Ruta ya pili umeichomeka kwenye tundu lake la intaneti, nayo ikafanya ilichoundwa kukifanya: imetengeneza mtandao wake na kugawa anwani zake. Kutoka chumbani kwenda nje unapita, ila printa haitangazi uwepo wake kuvuka ukuta.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili utafute hali ya kuifanya kituo cha Wi-Fi tu. Ikiwapo, ichague na kazi imekwisha. Isipokuwapo, fanya kwa mkono na kwa mpangilio huu, kwa sababu ukiupindua utajifungia nje. Mpe ruta ya pili anwani iliyo ndani ya mtandao wa ya kwanza lakini isiyogawiwa mtu, kama 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba ruta ya kwanza inaanza kugawa mbele ya hapo. Andika anwani hiyo kwenye daftari. Zima DHCP ya ruta ya pili, yaani kazi yake ya kugawa anwani. Kisha hamisha kebo kutoka kwenye tundu la intaneti uichomeke kwenye mojawapo ya matundu ya kawaida.

Ukisahau kuzima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwenye mtandao mmoja, na hapo utaona mambo ya kukatisha tamaa: kifaa hiki kinapata intaneti, kile hakipati, na baada ya saa moja yamegeuka. Niliwahi kukesha ofisini kwa watu kwa sababu ya ruta ndogo ambayo mfanyakazi aliichomeka chini ya meza ili achaji simu yake na kupata Wi-Fi yake.

Jina la Wi-Fi na nenosiri viwe vile vile kwenye ruta zote mbili. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, ili zisizungumze juu ya sauti ya mwenzake.

*Habari Bi Fundi. Tunalipia kasi ya megabiti 300 kwa sekunde, lakini kompyuta iliyounganishwa kwa kebo haivuki 94 kamwe, wakati simu kwa Wi-Fi inapata zaidi ya 200. Kuna programu ya kuongeza kasi? – Msomaji*

Nzuri. Hakuna, na usipakue yoyote inayokuahidi hivyo. Hiyo 94 naijua kama sura ya mtoto wangu. Ni kebo inayofanya kazi kwa kasi ya 100. Ndani ya kebo kuna nyaya nane. Kasi ya 100 hutumia nne tu, za nafasi ya 1, 2, 3 na 6, lakini kasi ya 1000 inazitaka zote nane. Mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika au usiposhika vizuri kwenye plagi, vifaa vinashuka hadi 100 kimya kimya, bila onyo lolote.

Tazama hali ya muunganisho kwenye kompyuta: ikisoma 100 badala ya 1000, azima kebo nyingine fupi ujaribu. Ikipanda, kebo ya kwanza ikatwe ncha na kubanwa plagi mpya, ncha zote mbili. Isipopanda, jaribu tundu lingine kwenye ruta, kwa maana ruta nyingi za zamani zina matundu ya 100 tu na hapo kebo haina lawama. Niandikie umekuta nini.